WASIA WA MUISLAMU NA HAKI YA WARITHI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyezigawa Mwenyewe sehemu za warithi katika Sura ya Nisaa, wala hakuziwacha mikononi mwa watu. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: Saad bin Abi Waqqas aliugua Makka katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra. Alikuwa na mali nyingi, na mtoto wa kumrithi alikuwa binti mmoja tu. Akataka kutoa sadaka thuluthi mbili, Mtume (S.A.W.) akamkataza. Akataka nusu, akamkataza. Akamruhusu thuluthi, na hiyo nayo akaiona nyingi, kwani kuwaacha warithi na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono. Ikiwa sadaka yenyewe imewekewa mpaka kwa ajili ya binti, basi amnyimaye binti yake ili ampe mwanawe mwanamume ana hoja gani?

Mali ya maiti hutolewa kwa taratibu: kwanza maziko, pili madeni, tatu wasia usiozidi thuluthi, ndipo mirathi. Na katika madeni limo lisahauliwalo na wengi, nalo ni mahari ya mke yasiyolipwa. Mjane apewaye thumuni yake akaambiwa kuwa ndiyo mahari yake, amedhulumiwa. Mfano wake: mtu ameacha minazi 170, na deni la mahari lenye thamani ya minazi 10. Hilo hutangulia. Katika 160 iliyobaki, mke apata 20, mwana mmoja mwanamume 70, na binti wawili 35 kila mmoja.

Lakini nani atalijua deni hilo, ikiwa mume hakuliandika? Mashahidi wamekufa, mjane aona haya kudai, na mayatima hawana ulimi. Ndiyo sababu Mtume (S.A.W.) akaagiza kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umekwisha andikwa.

Basi na aandike kila mume angali mzima: adaicho, adaiwacho, amana za watu, na mahari ya mkewe, kisha ashuhudishe waadilifu wawili. Kuandika wasia hakumwiti Malaika wa mauti, wala kuacha kuandika hakumzuii. Na alaye mali ya yatima kwa dhuluma ala moto.

Wabillahi taufiki.