Mpenzi na Mwenye Mali

Katika nchi zenye baridi kali mchezo wa besiboli una majira yake. Huanza mwishoni mwa Machi, hushamiri katika miezi ya joto, na bingwa wake hujulikana Oktoba inapokwisha au Novemba inapoanza. Baada ya hapo viwanja hufungwa, theluji hufunika majani, na kwa miezi kadhaa hapana mpira unaorushwa wala gongo linaloinuliwa kuupiga. Mtu asiyejua mambo ya mchezo huo angedhani kuwa huo ndio wakati wa utulivu kwa wapenzi wake. Sivyo. Huo ndio wakati ambao mioyo yao huungua zaidi.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Katika majira ya michezo timu hushindwa na timu nyingine, na kushindwa huko kuna faraja yake, kwani wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini katika miezi ya mapumziko timu haipambani na mtu. Wenye timu huketi faraghani na daftari zao za hesabu, wakaamua nani abaki, nani abadilishwe kwa mwingine, na nani aachwe aende zake. Mpenzi huamka asubuhi akasikia habari, na jambo limekwisha. Aliyeshindwa uwanjani humlaumu mpinzani au bahati. Aliyevunjwa moyo wakati wa baridi hana wa kumlaumu ila watu wa nyumbani mwake.

Swali linalozaliwa na huzuni hiyo si la mchezo peke yake. Ni swali la haki: je, mtu aweza kudai chochote katika kitu anachokipenda lakini hakimiliki?

Mfano ulio wazi ni wa mji wa Boston, Marekani. Timu ya mji huo, Red Sox, ilitwaa ubingwa mwaka 2018 baada ya kushinda michezo 108 katika msimu wa kawaida. Nguzo yake kubwa ilikuwa Mookie Betts, kijana ambaye timu ilimchagua mwaka 2011 alipokuwa ndio kwanza anamaliza shule, ikamlea katika timu zake ndogo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hata mwaka 2018 akatajwa kuwa mchezaji bora wa Ligi ya Amerika. Februari 2020, kabla ya msimu kuanza, Betts alipelekwa Los Angeles katika timu ya Dodgers pamoja na mrushaji David Price. Boston ikapokea vijana watatu: Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Julai ya mwaka ule ule Dodgers walifunga mkataba mpya na Betts wa miaka 12 kwa dola milioni 365, na Oktoba wakatwaa ubingwa naye akiwa miongoni mwao. Boston ilimaliza msimu huo mkiani mwa kundi lake.

Kabla ya kumhukumu mwenye timu ni wajibu kusikiliza utetezi wake, kwa maana hukumu ya upande mmoja ni dhuluma. Kwa sheria za mchezo huo, mchezaji aliyetimiza miaka sita katika ligi kuu huwa huru kwenda atakako mkataba wake ukimalizika. Uhuru wa Betts ulikuwa ufike mwisho wa mwaka 2020, na kama angaliondoka wakati huo, timu iliyomlea ingalipata kidogo sana badala yake. Fauka ya hayo, timu zimekubaliana kuwa yule ambaye mishahara ya wachezaji wake inavuka kiwango fulani hutozwa kodi, na kodi hiyo huzidi kila anapovuka mwaka kwa mwaka bila ya kukatiza. Kiwango cha mwaka 2020 kilikuwa dola milioni 208, na Boston ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya mwaka 2018 na 2019. Mfugaji anayeona kiangazi kinakuja huuza fahali wake angali amenona. Nani atamwita mfugaji huyo mpumbavu? Na ikiwa fahali ni wake, nani atamwita mkosaji?

Utetezi huo una nguvu, walakini kuna jambo moja ambalo haukuliandika katika daftari. Haukusema thamani ya timu imetoka wapi. Uwanja ni ardhi na matofali. Orodha ya wachezaji ni karatasi. Vitu hivyo huwa na thamani kubwa kwa sababu kuna umati wa watu ambao hawawezi kuutaja mji wao bila ya kuitaja timu yao. Januari 1920 ilitangazwa kuwa Babe Ruth, ambaye katika msimu wa 1919 aliupeleka mpira nje ya uwanja mara 29, ameuzwa na Boston kwa Yankees wa New York kwa dola 100,000. Msimu uliofuata, akiwa New York, alifanya hivyo mara 54. Boston, iliyokuwa bingwa mwaka 1918, haikuwa bingwa tena mpaka mwaka 2004. Haidaiwi kwamba mauzo ya mtu mmoja yalileta ukame wa miaka 86, kwa kuwa sababu za kushindwa ni nyingi. Linalodaiwa ni kwamba katika miaka hiyo watu walizaliwa, wakaipenda timu, wakazeeka na kufa bila ya kuuona ubingwa wake, na hata hivyo watoto wao wakaipenda. Harry Frazee, aliyemuuza Ruth, aliiuza timu yenyewe mwaka 1923. Wenye timu wa leo waliinunua mwaka 2002. Hati imepita katika mikono mingi, lakini mapenzi hayakuhama.

Kwa hiyo timu ni mali ya mmoja kwa sheria na amana ya wengi kwa historia. Mwenye amana hakatazwi kuitumia, wala hakatazwi kupata faida. Hukatazwa kusahau kuwa ameiweka kwa niaba ya wengine. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Maneno hayo yana fundisho kwa kila mwenye timu anayetoa kilichozoeleka na kupendwa ili apate kinachotarajiwa. Si kwamba mbachao hauwezi kubadilishwa kamwe, bali anayeubadilisha lazima aweze kuwaeleza wanaoukalia kwa nini amefanya hivyo.

Hapa mpenzi wa timu hushangilia, akidhani kuwa kesi amekwisha kuishinda. Lakini naye ana swali la kujibu. Yeye husema, “Betts alikuwa wetu.” Neno hilo tamu lina hatari ndani yake. Mfano wa fahali na mfugaji ni mbaya kwa sababu mchezaji si mnyama. Je, hauwi mbaya vile vile pale mpenzi anapojifanya yeye ndiye mfugaji? Oktoba 1969 timu ya Cardinals ya St. Louis ilimbadilisha Curt Flood, mchezaji aliyeitumikia kwa misimu 12, na kumpeleka Philadelphia bila ya kumwuliza. Wakati huo sheria za mchezo zilimfunga mchezaji kwa timu yake mpaka timu yenyewe itake kumwachia. Flood, mtu mweusi aliyeyajua vema maana ya kununuliwa na kuuzwa katika historia ya nchi yake, alikataa. Aliacha mshahara wa dola 100,000, akakosa msimu mzima wa 1970, akaipeleka kesi yake mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura tano dhidi ya tatu. Uhuru alioutafuta uliwajia wengine Desemba 1975, kwa hukumu ya mpatanishi Peter Seitz katika shauri la warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally.

Uhuru huo ndio uliomweka mwenye timu wa Boston katika hofu ya kumkosa Betts. Anayeutamani wakati ambao wachezaji walidumu katika timu moja maisha yao yote hana budi akumbuke kwamba wengi wao walidumu kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa. Desemba 2022 Xander Bogaerts, ambaye naye alilelewa na Boston tangu ujana, alichagua kwenda San Diego kwa mkataba wa miaka 11 na dola milioni 280. Mpenzi anaweza kuwauliza wenye timu kwa nini hawakumpa cha kumbakiza. Hawezi kumwuliza Bogaerts kwa nini alitumia haki ambayo Flood aliipoteza riziki yake kwa kuitafuta. Mapenzi yanayodai mnyororo si mapenzi tena.

Ni hivyo hivyo kwa anayekuja. Verdugo hakuomba kubadilishwa kwa Betts, wala si yeye aliyepiga hesabu za kodi. Hata hivyo kila alichokifanya Boston kilipimwa kwa kipimo cha mtu aliyeondoka. Kumtwisha mgeni deni asilolikopa ni dhuluma ndogo inayofanywa na watu wanaolalamika kuwa wamedhulumiwa.

Basi mpenzi ana haki gani? Hana haki ya ushindi, kwa kuwa timu 30 hushindana na bingwa ni mmoja. Hana haki juu ya nafsi ya mchezaji. Zinamsalia haki mbili: ukweli na juhudi. Tiketi za msimu huanza kuuzwa wakati wa baridi, kabla ya mpira wa kwanza kurushwa; mpenzi hulipa leo kwa jambo atakaloliona kesho. Biashara ya namna hiyo husimama juu ya imani. Mwenye timu anayekusudia kubana matumizi aseme anabana matumizi, na anayejenga kwa ajili ya miaka ijayo aseme hivyo, na wasikilizaji wake waamue kama watasubiri. Kubana matumizi si dhambi. Dhambi ni kuuza tumaini ambalo muuzaji mwenyewe hana ghalani.

Januari 2023, katika mkutano wa timu na wapenzi wake uliofanywa Springfield, Massachusetts, wenye timu ya Boston walizomewa mbele ya hadhara. Betts alikuwa amekwenda, Bogaerts alikuwa amekwenda, na msimu wa 2022 timu ilikuwa imemaliza mkiani. Mwezi ule ule Rafael Devers alikuwa amepewa mkataba wa zaidi ya dola milioni 300, na bado kelele hazikunyamaza. Baadhi ya watu waliona utovu wa adabu katika tendo hilo. Yamkini adabu ilipungua. Lakini watu waliochoshwa na kushindwa tu wasingalifunga safari katikati ya baridi kwenda kuwatazama usoni wale wanaowalaumu, wangalikaa nyumbani.

Labda itasemwa kuwa kukaa nyumbani ndilo jibu bora: asiyeridhika na bidhaa na aache kununua. Shauri hilo humfaa mnunuzi wa sukari, halimfai mpenzi. Anayeacha kwenda uwanjani ili amwadhibu mwenye timu hukiadhibu pia kitu anachokipenda. Machi 2022 timu ya Athletics ya Oakland, katika jimbo la California, iliwatoa Matt Olson na Matt Chapman kwa muda wa siku chache, na msimu huo viti vingi vya uwanja wake vilibaki vitupu. Baadaye utupu huo ulitajwa kama hoja ya kuihamisha timu. Ndipo wapenzi wake wakafanya jambo la busara: Juni 13, 2023 walikubaliana kuja kwa wingi, wakafika zaidi ya 27,000, wakapaza sauti kumtaka mwenye timu aiuze. Hawakusikilizwa. Novemba mwaka huo wenye timu wenziwe waliidhinisha timu ihamie Las Vegas, na Septemba 2024 ilicheza Oakland kwa mara ya mwisho. Kelele zile hazikuiokoa timu, lakini zilithibitisha kitu ambacho viti vitupu havikuweza kukithibitisha: nani aliyemwacha mwenziwe.

Hiyo ndiyo heshima ya lalamiko. Kati ya utumwa wa kukubali kila jambo na ukatili wa kugeuza kisogo, kuna njia ya tatu, nayo ni kubaki na kusema. Njia hiyo ina masharti yake. Anayelalamika aseme kweli, apime utetezi wa mwenye mali kabla ya kuutupa, asimfunge mchezaji anayeondoka wala asimchukie anayeingia. Akiyatimiza hayo, hasira yake si wivu wa mtu anayetamani mali isiyo yake, bali ni dai la mshirika ambaye jina lake halikuandikwa katika hati.

Na mwenye mali, anapopiga hesabu zake wakati wa baridi, afanya vema kuzisikiliza kelele zilizo nje ya dirisha lake. Zinamwudhi, na huenda baadhi yake si za haki. Lakini zikinyamaza kabla ya msimu kuanza, na azihesabu upya tiketi zake, kisha ajiulize amebaki na kitu gani cha kumiliki.