Mwenye Mti Hayumo Katika Picha

Tunapoandika maneno haya tuna picha moja ya kale mezani. Ilipigwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika misitu ya jimbo la Washington, pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Ndani yake mna mti mnene hata shina lake limeijaza picha yote toka upande mmoja hata wa pili, na kilele chake hakionekani. Shina limekwisha kukatwa pengo kubwa, mfano wa kinywa kilicho wazi, na ndani ya pengo hilo mtu amelala ubavu, kichwa chake amekiegemeza mkononi, kama aliyejinyosha barazani kwake baada ya chakula. Wenzake wawili wamesimama kulia na kushoto juu ya vibao vyembamba vilivyochomekwa katika shina, kila mmoja na shoka lake; na msumeno mrefu wa watu wawili umeegemezwa kwenye gome. Wote watatu wanatutazama, na hakuna anayecheka.

Picha za namna hii ni nyingi mno. Aliyezipiga kwa wingi alikuwa Bwana Darius Kinsey, aliyezaliwa mwaka 1869 na kufa mwaka 1945. Muda wa miaka kama 50 alizunguka katika kambi za wakata miti na kamera yake kubwa ya mbao na vioo vyake vizito, na kazi yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Whatcom, mjini Bellingham, katika jimbo lile lile. Atakaye kujua kazi ya miti ilivyokuwa zamani zile, kabla ya misumeno ya injini, na atazame huko.

Nasi tuliipeleka picha hii darasani, tukidhani ya kuwa tutafundisha habari za nchi na mazao yake, basi. Kumbe tulifungua jambo lingine. Kijana mmoja alisema watu hawa wametenda dhambi, maana mti uliokaa miaka mamia hukatwa kwa siku moja au mbili, na nani atakayeurudisha? Mwenzake, ambaye baba yake ni mpasua mbao, alikasirika. Alisema kwamba asiyepata kushika msumeno asimhukumu aliyeushika. Walishindana hivyo kitambo, mpaka mtoto mmoja, asiyesema sana, akauliza: “Mwalimu, mwenye mti yuko wapi?” Tukamjibu upesi kwamba hayumo katika picha, tukaendelea na somo. Lakini swali lake lilitufuata hata nyumbani.

Kwanza tumtendee haki yule mwana wa mpasua mbao, kwa kuwa kweli watu wa picha hii walikuwa mafundi. Miti ile, yaani mierezi myekundu na ile ya jamii ya misonobari iitwayo Douglas, huvimba sana karibu na mizizi, na hapo mbao zake zimejipinda, tena zina utomvu mwingi unaonata msumeno. Kwa hiyo wakataji hawakuanzia chini. Walitoboa shina kwa shoka, wakachomeka kibao chenye chuma nchani, wakapanda juu yake, wakatoboa tena juu zaidi, hata wakafika mahali pazuri pa kukatia, pengine mara mbili ya kimo cha mtu kutoka ardhini. Huko juu, wakisimama juu ya ubao usiozidi upana wa mguu kwa mengi, walichonga lile pengo upande ule watakaouangushia mti. Kisha walizunguka nyuma na msumeno, huyu akivuta na huyu akiachia, wakiunyunyizia mafuta ya taa kutoka chupa iliyotundikwa karibu, ili utomvu usiukamate. Msumeno ulipozama walipiga kabari nyuma yake. Mti ulipoanza kulia, walipiga ukelele na kuruka.

Na kuangusha tu hakukutosha. Mti wa namna ile ukiangukia kisiki au mgongo wa kilima huvunjika vipande vipande, na mbao za miaka mia tano zikawa kuni. Iliwapasa kujua upepo, na mwinuko wa nchi, na upande ulioelemea matawi, hata wakaulaza mti pale pale walipotaka. Anayejua kufanya hivyo ana elimu kweli, ingawa hakuipata katika kitabu. Sisi tuliopata kuwatazama wapasua mbao wa kwetu shimoni, mmoja juu ya gogo na mmoja chini, vumbi la mbao likimwangukia machoni, tunajua kwamba mstari ulionyoka ni heshima ya mtu. Hatuwezi kumcheka anayejivunia.

Walakini picha huficha mengi, wala haina harufu. Haionyeshi vitanda vya mbao na majani makavu, wala chawa, wala blanketi ambalo mtu alilibeba mwenyewe mgongoni toka kambi hata kambi, maana kampuni nyingi hazikumpa. Saa za kazi zilikuwa 10 kwa siku, na mtu aliyepondwa na gogo mahali pake palijazwa upesi. Katika mwaka 1917 wakata miti wa nchi ile waligoma kwa maelfu, wakidai saa 8 na malazi safi. Na mwaka uliotangulia, tarehe 5 Novemba, katika bandari ya Everett, risasi zililia kati ya watu wa chama cha wafanya kazi na wasaidizi wa mkuu wa polisi wa wilaya, wakafa watu wa pande zote mbili. Saa 8 zilipatikana mwezi wa Machi 1918, wakati serikali ilipohitaji sana mbao za kuundia ndege za vita.

Basi mtu huyu aliyelala katika pengo alipata nini katika mti wake? Alipata ujira wa siku. Tena alipata picha hii, na hii hakupewa bure. Bwana Kinsey alipokwisha kupiga aliwapelekea vioo mkewe, Bibi Tabitha, aliyekaa nyumbani, kwanza katika mji wa Sedro-Woolley na baadaye Seattle. Yeye ndiye aliyevisafisha katika chumba cha giza na kuzitoa picha karatasini, zikarudi kambini kwa posta, na wakata miti wakazinunua ili wawapelekee mama zao na wachumba wao. Mti mzima ulikwenda kwa wengine. Yeye alibakiwa na karatasi, tena karatasi aliyoilipia.

Hapa ndipo swali la yule mtoto lilipotushika. Mwenye mti ni nani? Mwaka 1900 Bwana Frederick Weyerhaeuser na washirika wake walinunua eka 900,000 za misitu katika jimbo hilo kutoka kwa kampuni ya reli ya Northern Pacific. Hatusemi kwamba mti wa picha yetu ulikuwa wao, maana wenye misitu walikuwa wengi. Tunatoa mfano tu. Kampuni ya reli nayo ilikuwa imepewa ardhi na serikali, kwa sheria ya mwaka 1864, iwe msaada wa kujenga njia. Na serikali iliipata wapi? Sehemu kubwa ya nchi zile za pwani iliipata kwa mikataba ya miaka 1854 na 1855, ambayo wenyeji walitia alama zao wakabakiwa na vipande vidogo. Wenyeji hao walikuwa wakitumia mwerezi tangu zamani kwa mitumbwi, nyumba, kamba, hata nguo za magome. Nao walijua kubandua ubao katika mti uliosimama kwa kabari, wakauacha mti uendelee kuishi. Mpaka leo mierezi mingine ina kovu la kubanduliwa huko. Naam, ukimtafuta mwenye mti unarudi nyuma na nyuma, na kila unayemfikia hayumo katika picha.

Mwalimu mwenzetu mmoja, tulipomweleza haya, alisema jambo limekwisha: lawama ni ya wenye mali, na wakataji hawana neno, maana wao walikuwa shoka tu, na shoka halihukumiwi. Tulimwambia, “La, Bwana, ngoja kwanza.” Nabii Isaya anauliza kwa dhihaka kama shoka laweza kujisifu juu ya yeye alitumiaye. Shoka halijisifu, kwa kuwa halikutenda kwa nia yake. Lakini watu hawa wanajisifu! Walisimama kimya mbele ya kamera, wakanyosha migongo, wakatoa fedha yao kuinunua picha. Kila uso katika picha hii unasema, “Ni mimi niliyefanya.” Hatuwezi kumpa mtu heshima ya ufundi wake, kisha tumwondolee tendo lenyewe, kana kwamba ufundi ni wake na mti ulijiangusha. Akitaka moja itampasa kuyachukua yote mawili.

Tumelisikia neno hili la shoka mara nyingi, wala si msituni peke yake. Karani husema, mimi ni mkono tu. Askari husema, niliamriwa. Msimamizi husema, kitabu cha bwana ndicho kilichoandika. Nao wote, siku ya kusifiwa, huwa watu tena wenye majina. Kwa hiyo sisi tunawaheshimu watu wa picha hii kuliko mwenzetu alivyotaka kuwaheshimu. Yeye aliwaosha kwa kuwafanya vyombo. Sisi twasema walikuwa watu, nao walionyesha nyuso zao mahali pa tendo lao, na kama pana kosa, sehemu yao ya kosa wameikiri pasipo kuulizwa. Aliye na deni kubwa zaidi ni yule aliyepata faida kubwa wala hakusimama mahali popote apigwe picha na kisiki.

Angalieni jinsi Kitabu cha Wafalme kilivyo kinyume cha picha hizi. Sulemani alipojenga nyumba ya Bwana alipeleka Lebanoni watu 10,000 kila mwezi, kwa zamu, wakate mierezi. Tumeandikiwa jina la mfalme, na jina la Hiramu wa Tiro, na jina la Adoniramu aliyeisimamia shokoa. Katika wale elfu kumi hatukuandikiwa hata mmoja. Tunasoma habari hiyo kila mwaka kwa furaha, kwa sababu ya uzuri wa hekalu, na hatujapata kumsikia mhubiri akiuliza habari za visiki.

Lakini je, mti haukupasa kukatwa? Twaona ni vigumu kusema hivyo. Tarehe 18 Aprili 1906 mji wa San Francisco ulitikiswa na tetemeko, kisha ukateketea, na watu zaidi ya 200,000 wakakosa makao. Mbao za kuujenga tena zilitoka katika misitu ya pwani ile ile. Nani angesimama mbele ya mama mwenye watoto katika hema, akamwambia mti ni wa thamani kuliko paa lake? Sisi hatungeweza. Ila tusidanganyane: si kila mti ulikatwa kwa ajili ya hema hilo. Mingi ilikatwa kwa sababu injini ya mvuke iliyobuniwa mwaka 1881 na Bwana John Dolbeer wa California, ambayo wafanya kazi waliiita punda, ilivuta magogo upesi kuliko maksai. Na injini ikiwa imekwisha kununuliwa hutaka kulishwa. Hapo hitaji la mtu na hitaji la mashine huchanganyika, na katika picha hatuwezi kuyatenga.

Tena tusitazame ng’ambo tu. Kwetu pia iko mierezi, katika milima ya Usambara, huko Shume. Kabla ya vita vya 1914 kampuni ya Kijerumani iliikata na kuiteremsha kwa njia ya kamba za chuma, magogo yakining’inia hewani juu ya magenge, mpaka stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Tanga na Moshi. Zipo picha za kamba hiyo. Mti wa aina hiyo ulipendwa sana kwa kufanyia penseli, maana huchongeka vizuri na harufu yake ni njema. Basi katika vidole vya walimu na wanafunzi wengi wa miaka ile, hapa na Ulaya, palikuwa na kipande cha mwerezi, na hapana aliyejihesabu kuwa mkata miti. Walikuwa wakiandika hesabu na barua, kazi njema zote mbili.

Bwana Kinsey mwenyewe, mwaka 1940, umri wake ukiwa umepita miaka 70, alianguka kutoka juu ya kisiki alipokuwa kazini, akaumia, na kazi yake ya picha ikakoma. Wakati huo sehemu ya misitu ya kale iliyosalia katika jimbo lile ilikuwa imekwisha kuwekwa chini ya ulinzi, maana Hifadhi ya Taifa ya Olympic ilianzishwa mwaka 1938. Huko iko miti ambayo haikupata kupigwa picha pamoja na shoka.

Juma lililofuata tuliirudisha picha darasani. Tukamwambia yule mtoto kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa la haraka, tukampa daftari aandike watu wote waliohusika na mti huu nao hawamo katika picha. Alimwandika mwenye msitu, na mwenye reli, na wenyeji wa kale, na mpiga picha, na mkewe, na mama wa San Francisco. Kisha aliuliza kama amwandike na aliyenunua meza. Tukamwambia amwandike.