Nipo, Niko, Nimo

Kila asubuhi naita majina sitini na mawili. Gredi ya Tatu, shule ya serikali kusini mwa Mombasa, madirisha hayana vioo, na honi za matatu za barabara ya Lunga Lunga huingia darasani bila kubisha hodi. Naita, wanajibu, "Nipo, mwalimu." Nachora kistari. Kistari kile ni ushahidi kwamba mtoto amehudhuria, na kinatosha hadi kengele ya mchana.

Kiswahili hakikuridhika na neno moja la kuwapo. Yupo ni yule unayeweza kumwonyesha kwa kidole. Yuko, hujui hasa wapi, ila hajapotea. Yumo ameingia ndani. Wenzetu wa bara siku hizi wote ni "niko", na siwalaumu, lakini mwalimu akiipoteza tofauti hiyo amepoteza chombo cha kazi. Maana ninaye mvulana mmoja, dawati la karibu na mlango, mtoto wa mvuvi, anayejibu "nipo" kwa sauti kuliko wote, kisha mpaka saa nne yuko. Wapi, Mungu ndiye ajuaye. Pengine Gazi, anakunja nyavu na babake.

Tulipoitwa warshani kufunzwa "ufundishaji mseto", mwenzangu alininong'oneza: mseto upi, wa choroko au wa serikali? Tukacheka, lakini swali lilikuwa na maana. Katika ule wa 2008, wa Kibaki na Raila, kila mmoja aliingia jikoni na sufuria yake. Wa choroko ukishasongwa, huwezi tena kutenga punje na punje. Na somo ambalo mtoto hulipata nusu kwa mashine, nusu kwa mwalimu, mara nyingi huwa ni ule wa sufuria mbili.

Vishikwambi tunavyo. Katika kampeni za 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa kompyuta, mpango ukazinduliwa 2016, na vifaa vikafika. Kwangu vililala kabatini muda mrefu, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Nilipovitoa niligawa darasa makundi matatu. Moja mkekani nami, wananisomea. La pili linahesabu kwa vizibo vya soda na komwe. La tatu liko kwenye vishikwambi, watoto watatu kwa kimoja. Kila dakika ishirini nagonga kengele, wanazunguka.

Aliyepitia chuo cha Kurani hashangai. Kwa maalimu wetu watoto arobaini tulisoma kwa sauti kwa wakati mmoja, kila mtu na sura yake, wakubwa wakiwasikiliza wadogo, naye maalimu kafumba macho kama aliyesinzia, mpaka ukosee. Hilo la mtoto kwenda kwa mwendo wake, tulilohubiriwa warshani kama habari mpya, tulikua nalo mkeka mmoja.

Basi, programu ya hisabati hushangilia mtoto akipatia: nyota, makofi, kinanda. Wiki ya pili yule wa mlangoni alikuwa na nyota kuliko wote. Nikamsifu mbele ya wenzake. Halafu nikamwandikia 7 × 6 kwenye karatasi, akanitazama kama niliyemuulizia habari za mtu asiyemjua. Alikuwa amegundua kwamba mashine haichoki kukosewa: unabonyeza majibu yote manne, moja litapatia tu. Tena akaniambia, bila haya, kwamba jibu sahihi halikai kona moja mara tatu mfululizo.

Nikakasirika, kisha nikiwa njiani kwenda nyumbani hasira ikaniisha. Kwa wiki mbili mtoto yule alikuwa yumo. Hesabuni hakuwamo, alikuwamo ndani ya mashine, akiipima, akingoja, akikumbuka, kazi ileile ninayomlilia aifanye kwa jedwali la sita. Makofi ya programu yalishuhudia kidole chake tu, kama kistari changu kinavyoshuhudia sauti yake.

Babu yangu alikidarasisha barazani kitabu cha Ihya cha Ghazali, baada ya alasiri, na mlango aliokuwa akiurudia ni wa sala. Moyo usipohudhuria, kuna sala hapo? Mafakihi, yaani wanasheria wa dini, Ghazali anaeleza, waliridhika moyo uhudhurie wakati wa takbira ya kuhirimia, kwani wangedai zaidi wangesalimika wachache mno. Yeye mwenyewe alitaka zaidi. Utotoni niliwaona mafakihi wana huruma na Ghazali ni mkali. Leo nashika daftari la mahudhurio, neno la shina moja na hiyo hudhuri ya moyo, na najiona fakihi kamili: nimeipokea "nipo" ya asubuhi, mengine sikuuliza.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona, fakihi alikosa cha kushika. Gredi yangu haikurudi darasani hadi Januari 2021. Vipindi vilikuwa redioni na kwenye televisheni, nami nikiwatumia wazazi kazi kwa WhatsApp. Zile tiki mbili za buluu ndizo vistari? Zilikuwa za mama, si za mtoto. Msichana mmoja hakuwahi kuleta chochote, na katika daftari nililojitungia nilimwandika hayupo. Usiku mmoja, saa nne hivi, ikaingia sauti yake. Mama alikuwa amerudi kazini na simu. Mtoto anasoma hadithi, anakwama, anaanza tena, na nyuma yake bibi anamkatiza: "Rudia hapo, mjukuu wangu, umeruka." Dakika nne. Darasa halikuwapo, wala dawati. Lakini yeye alikuwamo, bibi alikuwamo, na mimi kitandani nikajikuta nimo.

Nikiukumbuka usiku ule, ndipo hunijia kile nilichokificha katika kisa cha mvulana. Wiki zile mbili, alipokuwa akibonyeza, mimi nilikuwa wapi? Mezani, nasahihisha madaftari. Vishikwambi vilinipa nafasi nikaitwaa. Programu ilipiga makofi kwa niaba yangu. Mtoto alinipima mimi kwanza, akaona hapana anayetazama, ndipo akaipima mashine. Daftari la mahudhurio lina jina langu kwenye jalada. Ndani halimo.

Sasa nasahihisha nyumbani, taa ya umeme ikikubali. Kundi la vishikwambi nakaa nalo sakafuni na swali langu ni "umejuaje?" Wengine hawalipendi. Yule wa mlangoni analipenda, hata akikosa, kwa kuwa huwa na la kueleza, na maelezo yake ni marefu kuliko kipindi.

Jumatatu hii niliita jina lake. Macho yalikuwa nje, kaskazi ikiutikisa mnazi wa uwanjani.

"Nakuja, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Kalamu ilining'inia kidogo, kisha nikachora kistari.