Ukimwelekeza Mgonjwa Dawa, Umebeba Dhamana

Kumtazama mgonjwa ni wajibu, na katika nyumba zetu mgonjwa haachwi peke yake. Shangazi anakuja na chupa ya maji ya mwarobaini. Jirani analeta habasoda na asali. Mtu wa kazini anamtumia kwenye simu sauti ya muuza unga unaotibu kisukari, presha na vidonda vya tumbo kwa kijiko kimoja. Kila mgeni ana kisa cha mtu wake aliyepona, na kila mmoja anaondoka akiwa ameacha agizo. Sina shaka na upendo wao. Ninachotaka tukitafakari wiki hii ni uzito wa lile agizo, kwa sababu anayemwambia mgonjwa "acha hivyo vidonge, kunywa hii" ameingia kwenye kazi ya utabibu hata kama yeye ni fundi cherehani.

Wanazuoni wa fiqhi ya Kiislamu walilitolea hukumu jambo hili karne nyingi zilizopita: anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na ujuzi, kisha akamdhuru mtu, hudaiwa fidia, na kusema kwamba hakukusudia hakumwondolei deni. Sisi tunaopita vitandani na maagizo hatuburutwi mahakamani. Lakini dhamana ni ileile.

Tujue kwanza tunazungumzia nini. Tiba asili ni ile tuliyorithi: mitishamba, kuchua na kukanda, kuunga mifupa, kuumika kwa pembe, kujifukiza nyungu, na huku pwani kunywa kombe. Kwenye kundi la tiba mbadala wanaingia wenye njia zilizotoka kwingine, kama sindano za Wachina, ayurveda ya Wahindi, homeopathi iliyoasisiwa na Mjerumani Samuel Hahnemann, na virutubisho vya makopo. Tanzania Bara ilizitungia zote sheria moja, Namba 23 ya mwaka 2002, na kuunda Baraza la kuwasajili watoa huduma wake. Kenya ilizitambua katika Sheria ya Afya ya 2017. Kwa hiyo anayekwenda kwa mganga aliyesajiliwa hajatenda kosa wala hana la kuonea aibu.

Swali la kumuuliza mwenye mgonjwa ni hili: tiba hiyo inakwenda pamoja na ya hospitali, au imechukua nafasi yake? Mama mwenye saratani ya titi anayekandwa mgongo apate usingizi, huku akiendelea na mionzi, anajisaidia. Akiacha mionzi akabaki na unga wa majani, hapo ndugu zake wana sababu ya kukosa usingizi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha ulinganisho wa wagonjwa ambao saratani yao haikuwa imesambaa mwilini. Waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu ya wenzao waliotibiwa hospitali, na kwa saratani ya titi hatari hiyo ilizidi mara tano. Wala waliochagua hivyo hawakuwa watu waliokosa shule: wengi waliishi mitaa ya wenye kipato na elimu kuliko wenzao. Hapa Dar es Salaam, Hospitali ya Ocean Road hupokea wagonjwa wengi saratani ikiwa imeshafika mbali, na baadhi yao wameanzia kwa waganga, wakatumia huko miezi ambayo uvimbe ulikuwa bado unakatika.

Nisieleweke kwamba ninadharau mitishamba. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati ina kiini kilichotoka kwenye mmea wa artemisia. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alikifikia baada ya kupekua vitabu vya kale vya waganga wa nchi yake, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Muhimbili ina kituo cha kuchunguza dawa za asili tangu 1974. Mkoani Tanga, katika miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu wa kawaida, watu wa Hospitali ya Bombo walishirikiana na waganga wa mitishamba kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, wakiwatibu mapele, kuharisha na kukosa hamu ya kula. Huo ulikuwa ushirikiano wa heshima. Lakini kwenye habari ya Tu Youyou kuna somo ambalo wauza majani hawalisemi. Walipochemsha mmea ule dawa ilipoteza nguvu, na ilimbidi aitoe bila moto mkali, kisha ipimwe kwa wanyama na kwa watu mpaka kipimo kijulikane. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya artemisia kwa malaria: kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani, na dozi pungufu huwazoesha vimelea.

Nyingine nitazipitia kwa haraka. Sindano za Wachina zina ushahidi wa kiasi katika kutuliza maumivu ya muda mrefu na kichefuchefu. Homeopathi ilichunguzwa na baraza la utafiti wa afya la Australia, na mwaka 2015 likasema halikupata ugonjwa hata mmoja ambao ushahidi wa kutegemewa unaonyesha inautibu. Tangawizi kwa kichefuchefu cha mjamzito ina msingi mzuri.

Sasa turudi Loliondo, kwa sababu pale tulijionyesha sisi wenyewe. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alitangaza kwamba Mungu amemwonyesha dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, kwa UKIMWI, kisukari, saratani, pumu. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi porini. Walikwenda masikini na walikwenda vigogo, na watu walitoka Kenya na Uganda. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini kupelekwa kule wakafia njiani au kwenye foleni. Mzee Mwasapile alifariki mwaka 2021, na sina nia ya kumhukumu marehemu. Ninauliza kuhusu wale waliokuwa nyuma yake. Nani alikodi gari na kumnyanyua baba mwenye dripu? Nani alimwambia dada yake mwenye virusi kwamba sasa amepona, vidonge si vya lazima tena? Kliniki zilikuja kuwapokea watu wa namna hiyo baadaye, wameacha dawa, hali imerudi chini. Aliyewashauri hakuwa Mzee Mwasapile peke yake. Alikuwa shemeji, mzee wa kanisa, mwenye Noah aliyetaka abiria. Kikombe kilipoisha midomoni mwa watu, kila mmoja wa hao alirudi kwenye shughuli zake, na mgonjwa akabaki na ugonjwa wake.

Kwa watoto jambo hili linaniuma zaidi, maana mtoto hana kauli. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta homa inahesabiwa kuwa ugonjwa wa hospitali, lakini mtoto akishikwa na degedege anahesabiwa kuwa amepatwa na jambo jingine, la mashetani, na kwamba akichomwa sindano katika hali hiyo atakufa. Basi alifukizwa kinyesi cha tembo, akapakwa mkojo, na saa zikapita. Degedege huweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, na malaria hiyo inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja. Bibi aliyesema "msimpeleke kwanza" alimpenda mjukuu wake kuliko alivyojipenda mwenyewe, na bado neno lake lilikuwa la hatari.

Kuna pia kukata kimeo. Mtoto anakohoa wiki nzima, anatokea mjuzi wa mtaa, anasema kimeo kimekuwa kirefu, kinakatwa kwa kifaa ambacho hakuna ajuaye kilipita koo la nani jana. Damu hutoka bila kukoma, vidonda huoza, na kikohozi, ambacho huenda ni nimonia au kifua kikuu, kinabaki palepale. Na kuna meno ya plastiki: mtoto mchanga ana homa na anaharisha, wanamchimbua ufizi kutoa kichipukizi cha jino, wakiamini ndicho chanzo. Mtoto yule alihitaji maji ya ORS, zinki, maziwa ya mama yake na kupimwa malaria. Katika haya sina hadhari ya maneno. Yakatazwe nyumbani, na anayeyapendekeza aambiwe usoni kwamba hapana.

Jambo la mwisho ni kuficha. Mgonjwa anakunywa vya hospitali asubuhi na vya mganga jioni, na kila upande haujui habari za mwenzake. Mitishamba ina nguvu, vinginevyo tusingeitafuta, na chenye nguvu huweza kugongana na kingine. Balungi, tunda la kawaida kabisa, huzidisha mwilini baadhi ya dawa za presha na za lehemu. Vidonge vya kitunguu saumu hufanya damu iwe nyepesi, na daktari wa upasuaji anapaswa kuvijua kabla ya kushika kisu. Mwarobaini hushusha sukari, na mwenye kisukari anayeuchanganya na vidonge anaweza kuzimia. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene vilivyochanganywa mmea uliofanana jina na ule uliokusudiwa. Baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo miaka iliyofuata. Waliambiwa ni majani tu.

Lakini mgonjwa anaficha kwa sababu mara nyingi akisema ukweli hutukanwa. Ndugu zangu madaktari na wauguzi, mkimkaripia mama mbele ya foleni kwa kuwa alianza kwa mganga, hatarudi kwa mganga kwa uwazi, atakwenda usiku, na ninyi hamtajua. Mwulizeni kwa upole alitumia nini, lini na kiasi gani, muandike kwenye faili. Na ninyi waganga, mliosajiliwa na msiosajiliwa, mnaowafahamu watu wetu kuliko yeyote, mwenye uvimbe usiopungua, mwenye kukohoa damu, mjamzito anayevimba miguu na kuumwa kichwa, mtoto mwenye degedege, hao wapelekeni hospitali siku ileile. Mganga anayejua mahali ujuzi wake unapoishia namheshimu sana. Anayeahidi kutibu magonjwa 40 kwa chupa moja, na kutaka mgonjwa aache dawa zake kwanza, mkimbieni.

Basi ukienda kumtazama mgonjwa, nenda na matunda, nenda na nauli ya kliniki, kaa naye, mfulie, muombee dua. Ukiwa na jambo la dawa, lipeleke kama swali, na usimwambie aache kitu alichopewa na daktari, maana matokeo yake hutayabeba wewe. Na mwenye mgonjwa nyumbani, jioni hii muulize bila hasira anakunywa nini kingine. Kusanya chupa, unga na makopo yote kwenye mfuko mmoja, na siku ya kliniki uende nao mkamwonyeshe daktari.