Nyumba Hii Haiuzwi

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam utayaona maandishi ukutani, kwa rangi nyekundu, herufi za mkono zisizolingana: NYUMBA HII HAIUZWI. Yameandikwa kuwafukuza matapeli wanaouza mali za watu, na mara nyingine kumzuia ndugu mmoja ambaye wenzake hawamwamini. Kila niyaonapo hujiuliza mwandishi alikuwa anazungumza na nani. Maana yuko mnunuzi ambaye rangi ya ukutani haimzuii: yule anayefuatana na dalali baada ya hati kukaa benki na marejesho kukwama.

Hapo ndipo familia hukimbilia mahakamani. Mke anaishtaki benki, anamshtaki dalali, na mara nyingi anamuunganisha mumewe humo humo, akidai hakuridhia. Watoto wanadai nyumba ni ya urithi, baba hakuwa na haki ya kuiweka rehani peke yake. Mkopaji naye anadai notisi hakuipata, riba imepigwa vibaya, bei ya mnada ilikuwa ya kutupa. Kwanza kabisa wote wanaomba zuio, nyundo isigonge mpaka kesi isikilizwe.

Sheria za Tanzania hazikuwaacha mikono mitupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakazia: rehani ya nyumba hiyo haisimami bila saini ya mwenzi anayeishi humo, au ushahidi kwamba ameridhia. Mkopaji anapaswa kueleza kama ana mwenzi, na benki ichukue hatua za kuhakikisha. Malipo yakikwama, benki itoe notisi ya maandishi na siku 60 zipite kabla haijaanza kuuza. Ikiuza, itafute bei bora iwezekanayo. Bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi kuliko wastani wa soko kwa mali ya namna hiyo, benki huhesabiwa imekosa mpaka ijitetee. Kenya muda ni mrefu zaidi: Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi ya miezi 3, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye ana notisi yake ya siku 45.

Zisome taratibu sheria hizi, utaona nyingi zinamwambia mwenye pesa neno moja: ngoja. Redio iliyowekwa poni ikiuzwa, hakuna anayekosa pa kulala. Nyumba ina watu ndani, na watu wanahitaji siku za kuhangaika: kumpigia simu kaka aliye Mwanza, kuuza kiwanja cha pembeni, kumtafuta mnunuzi wao wenyewe atakayetoa bei ya haki, kwenda benki kuomba mkopo upangwe upya.

Hekima hiyo ni ya zamani kuliko benki. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Torati inamwamuru anayedai asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mwenyewe amtolee. Hebu mfikirie huyo mkopeshaji aliyesimama mlangoni. Anadai haki yake, na deni halijafutwa. Lakini anamwachia mwenzake nafasi ya kuingia ndani, kuvuta pumzi, na kutoka akiwa bado mtu mbele ya watoto wake.

Basi hizo siku 60 huenda wapi? Nadhani nyingi huliwa na haya. Barua ya benki inafika, baba anaisoma akiwa amesimama, anaikunja, anaiweka chini ya godoro. Mke akiuliza, anaambiwa ni mambo ya kazini. Biashara imeshakufa, lakini kila asubuhi baba anavaa shati na kutoka. Wiki zinapita. Siku familia inapolisikia gari la matangazo likitaja mtaa wao na namba ya kiwanja chao, muda wote ambao sheria iliwagawia umekwisha, na aliyeweza kuutumia vizuri hakujua kwamba alikuwa nao.

Haya hiyo ilianza mapema zaidi, siku ya kusaini. Fomu ya ridhaa iliwekwa mezani, picha ndogo imebandikwa. "Weka saini hapa mama, ni taratibu tu." Mama angependa kuuliza: mkopo ni kiasi gani, ni wa nini, tukishindwa itakuwaje? Akaona kuuliza mbele ya mgeni ni kumdharau mumewe. Akasaini. Wapo pia wanaume walioapa kuwa hawana mke, huku wake zao wako nyumbani wanapika. Na wapo maofisa wa mikopo walioridhika na karatasi, wasifike kwenye nyumba yenyewe kubisha hodi.

Miaka baadaye jaji anawekewa karatasi hizo. Hawezi kuusikia ukimya uliokuwepo siku ile, anaona saini. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Tanzania wa mwaka 1969, anayeomba zuio hutakiwa kuonyesha kwamba ana hoja nzito ya kusikilizwa, kwamba asiposaidiwa atapata hasara ambayo fedha haziwezi kuifidia, na kwamba kati yake na benki yeye ndiye ataumia zaidi. Kwenye hasara ndipo familia nyingi hukwama. Watalitaja kaburi la babu lililo uani, wataitaja miti aliyoipanda bibi. Mahakama itauliza: je, siku ya kukopa, hamkumleta mthamini akaipa nyumba bei? Majaji wa Kenya wamelisema hilo bila kuficha: nyumba ikishawekwa dhamana, hata kama ni ya ndoa, aliyeiweka amekubali kwamba inaweza kuuzwa.

Ni maneno makali, nami siwezi kuyakataa. Fedha ya benki ni akiba ya watu wengine, na dawa ya deni ni kulipa. Benki iliyoruka notisi au kuuza kwa bei ya kutupa inastahili kuzuiwa, na mke aliyeghushiwa saini anastahili kurudishiwa paa lake. Lakini zuio lenyewe halilipi deni, na kesi ikichukua miaka, riba nayo inaweza kuendelea kuhesabiwa.

Tulilelewa kuamini kwamba haya ni sifa njema, na ni kweli. Mtu asiye na haya hukopa bila nia ya kulipa. Ila haya ina mahali pake. Inafaa kumshika mtu anapotaka kuiweka rehani nyumba ambayo hakuijenga peke yake. Ikimshika mke anapotaka kuuliza, au mume anapotakiwa kusema "nimekwama", imekaa pabaya.

Yale maandishi ya ukutani yanawaelekea wapita njia. Waliopaswa kuambiwa wamo ndani, na wakati wa kuwaambia ulikuwa kabla kalamu haijashikwa. Hata hivyo, kama hati imekwisha kwenda na barua imekwisha kuja, bado iko kazi moja ambayo haihitaji wakili: itolewe chini ya godoro, isomwe kwa sauti mbele ya wote wanaolala chini ya paa hilo, kisha zihesabiwe siku zilizobaki.