Ukuta uliousotea

Nimeirudia Legend ya David Gemmell, riwaya niliyoisoma mara ya kwanza nikiwa chuo. Wanaoijua wanaijua: ngome ya Dros Delnoch, kuta sita, watu elfu kumi juu yake, na chini jeshi la Ulric linalofunika bonde. Druss, mzee wa miaka sitini, magoti yanamuuma, anashuka mlimani na shoka lake kwenda kufa pale. Gemmell alikuwa mwandishi wa habari, kama mimi. Aliianza mwaka 1976 akisubiri majibu ya hospitali, akiamini ana saratani, na ngome ile ilikuwa mwili wake mwenyewe. Ilichapishwa mwaka 1984. Ukishalijua hilo, huisomi tena kama hadithi ya mapanga tu.

Bado inanishika. Ila safari hii nilikwama mahali ambapo zamani nilipapita mbio: tunaambiwa kila kitu kuhusu wanaosimama juu ya kuta, na waliobeba mawe je?

Labda ni Upemba wangu huu. Sisi ngome yetu ni Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, ambayo wanaakiolojia wanaiweka kwenye karne ya 15. Boma la udongo, handaki, kisima. Muulize mzee yeyote wa huku habari za Pujini, hakwambii nani aliizingira wala nani aliilinda. Atakwambia Mkama Ndume aliwabebesha watu mawe vichwani huku wakisota kwa makalio. Atakwambia na kile kisima kilichokatwa kwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane, mmoja akishuka kwa ngazi, mwengine akiteka kwa kamba na ndoo. Chumvi huenda imo, maana masimulizi hayakosi chumvi. Lakini kumbukumbu imechagua cha kubaki nacho, nacho ni makalio ya watu, si panga la mtu.

Basi ukuta ule uliousotea, siku adui akija, unasimama juu yake?

Jibu jepesi ni hapana. Halinitoshi, kwa sababu ya Mombasa. Fort Jesus waliianza Wareno mwaka 1593, na Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kufikia Agosti 1697 maradhi yalishawamaliza Wareno, kamanda wao naye akafa. Aliyeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza, na jamaa zake kumi na kitu, wanaume wachache wa Kiafrika, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Wakaishika mpaka msaada ulipofika Septemba. Kuta hazikuwa zao, bwana! Lakini ndani mlikuwa na watu wao, na nadhani hapo Gemmell ana haki: mtu hafii jiwe, anamfia aliye kando yake. Hilo halimsafishi aliyejenga. Ushujaa wa Daud haukuifanya ngome ile kuwa ya halali, kama ambavyo uovu wa wenye ngome haukuupunguza ushujaa wake.

Ila Daud alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, alichagua upande. Druss naye alichagua. Wale wanawake je? Vitabu vinavyomtaja Daud kwa jina vinawapa wao idadi tu. Riwaya ambayo ningekesha nayo leo ni ile itakayoanza na mmoja wao, usiku, juu ya ukuta, bunduki mkononi, akiulizwa na mwenzake wanamlinda nani.