Jaribio Dogo Lisijiite Kubwa

Mkulima akipewa mbegu mpya ya muhogo, haipandi katika shamba lote mara ya kwanza. Hupanda pembe moja tu, akatazama. Je, udongo unaikubali? Je, watu wa nyumbani watapenda ugali wake? Pembe ile haiwezi kumwambia atavuna magunia mangapi. Inamwambia tu kama inafaa kuanza.

Waganga wa hospitali nao wana desturi hiyo. Kabla ya kupima dawa kwa mamia ya wagonjwa, hufanya kwanza jaribio dogo la kutangulia. Katika jaribio hilo hawaulizi kama dawa inaponya. Huuliza kama mwili unaivumilia, na kama kazi yenyewe inawezekana. Je, wagonjwa watakubali? Je, dawa itafika ingali baridi? Je, wauguzi wataweza kuandika yote bila kuwaacha wagonjwa?

Basi, hapa kuna swali la dhamiri. Je, ni halali kumwomba mtu atoe mwili wake kwa kazi isiyoweza hata kutuambia kama dawa inaponya? Wengine husema: Sivyo, huko ni kumfanya mtu chombo. Wengine husema: Mnapoteza siku bure; watu wanakufa, gaweni dawa! Tutazame mambo yaliyotokea kwetu Kongo.

Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Watu 315 waliugua, na katika kila 100 walikufa 80 hivi. Masista sita wa Kiitalia, wa shirika la Bergamo, walikufa pamoja na wale waliowauguza. Katika mwezi wa Juni waganga wa Kongo, Jean-Jacques Muyembe akiwa mmoja wao, waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Akafa 1 tu. Nani asingeshangilia?

Lakini wale 8 walipata damu baada ya siku nyingi za ugonjwa, wakati ambapo wengi walio dhaifu walikuwa wamekwisha kufa. Tena, siku zile uuguzi ulikuwa umekuwa bora kuliko mwanzo. Hesabu ilipofanywa upya, haikuonekana kwamba damu ndiyo iliyowaokoa. Je, waganga walikosa? Hapana. Ilikuwa huruma. Kosa lingekuwa kutangaza kwamba dawa imepatikana.

Mwaka 2015 jambo hilo lilipimwa tena huko Conakry, Guinea, kwa maji ya damu ya waliopona. Kazi iliwezekana: waliopona walikubali kutoa, na wagonjwa 84 walipewa bila madhara makubwa. Katika kila 100 walikufa 31, na kati ya wale wa zamani wasiopewa walikuwa wamekufa 38. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kitu, na waganga walisema hivyo wazi.

Hata hivyo damu ya Kikwit haikupotea bure. Kutoka kwa mtu mmoja aliyepona mwaka 1995, wataalamu walipata dawa iliyoitwa mAb114. Mwaka 2018 watu 18 wenye afya, huko Marekani, walikubali kutiwa dawa hiyo. Hawakuwa na ugonjwa wa kuponywa. Walitoa miili yao ili ijulikane kama dawa inadhuru. Ndipo, tangu Novemba mwaka ule, wagonjwa 681 wa Kivu waligawiwa kwa kura dawa nne. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa 35 katika kila 100. Kati ya waliopewa ile iitwayo ZMapp walikufa 50. Hapo sasa waganga waliweza kusema neno, kwa sababu watu walikuwa wengi na kura haina upendeleo.

Tujibu basi swali letu. Mtu anakuwa chombo anapotumiwa bila kujua. Akijua anachotoa, na akiwa huru kukataa, anatoa sadaka kwa ajili ya wagonjwa asiowafahamu. Lakini sadaka hiyo inataka ukweli. Anayemwambia mgonjwa kwamba atapona, hali yeye anapima tu kama kazi inawezekana, amevunja amri ya nane. Anayetangaza habari ya watu 8 kama habari ya watu wote, amevunja amri ile ile. Na anayeruka jaribio dogo kwa haraka, kisha kazi kubwa ikavunjika katikati, ametupa sadaka ya mamia. Bwana wetu alitufundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba yafaa akae kwanza na kuhesabu gharama.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku mganga atakapokuja kukuomba uingie katika jaribio, usimkimbie, wala usikubali kwa woga. Muulize: Mnatafuta kujua nini? Na mimi nitapata nini, au sitapata kitu? Mganga mwema atakujibu waziwazi, hata kama jibu ni dogo. Kisha amua mwenyewe.